Mikono Nyuma

Kila asubuhi, katika wodi moja pale Kilosa, mwalimu wa tiba kwa vitendo, ile inayomfunza mgonjwa kujihudumia tena, alifunga mikono nyuma na kuwaonya wanafunzi wake: “Mgonjwa akihangaika na nguo yake, mwacheni ahangaike. Huo ndio weledi.” Alijiona yeye ndiye weledi wenyewe, ndani ya koti jeupe la mtumba lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Siku ile bibi mmoja wa Tindiga, aliyepooza mkono, alikuwa akipambana na kifungo cha blauzi. Mwalimu alisogea kumpa shikamoo tu, lakini mikono yake, iliyofunzwa na mama kabla ya chuo, ikachomoka ikakifunga. Bibi akakifungua taratibu.

“Marahaba, mwanangu. Hicho umekifunga wewe. Rudisha mikono nyuma, nami nijaribu.”

Wanafunzi wakaandika. Mwalimu naye angeandika, ila mikono ilikuwa nyuma.