Vijinzi, Simbilisi na Ulanzi wa Kwaresima

Simbilisi, kimnyama cha manyoya kama sungura mdogo asiye na mkia, alifika Iringa kutoka Mbeya ndani ya boksi la biskuti, mapajani mwa mjukuu wangu, akiwa amekwisha kutafuna kona moja ya boksi. Mtoto alikuwa anaingia shule ya bweni, na bweni halipokei wanyama.

"Babu, wewe ni mwinjilisti," aliniambia. "Huwezi kumchinja."

Nikamwambia mimi ni mwinjilisti mstaafu, lakini sitamchinja. Akanitaka niahidi mara ya pili, kisha akaahidi na yeye kwamba likizo akija atamkagua.

Kwetu huku simbilisi ni kitoweo. Anazurura jikoni akiokota maganda, na siku ya mgeni anaungwa kwa karanga. Kwa hiyo mimi kumtengenezea kizimba cha mbao na wavu, na kumweka barazani kama redio, kuliwafurahisha sana majirani. "Baba Mwinjilisti, anazidi kunenepa," walisema wakipita, na macho yao hayakuwa usoni kwangu.

Nilimpenda mapema kuliko nilivyotegemea. Alfajiri akisikia mlango alinipigia mluzi wake mwembamba, na nilipoanza kusali alinyamaza mpaka amina, jambo ambalo baadhi ya wazee wa usharika wetu hawajaliweza mpaka leo. Nikamtuza kwa mapeasi. Ulikuwa msimu wake, mti wetu ulikuwa umejaa, na sikuona sababu ya kumnyima kiumbe wa Mungu.

Ndipo vikaja vijinzi, vile vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka matunda yaliyoiva. Vilianza kwenye kizimba, vikahamia jikoni, na asubuhi moja kimoja kikaogelea kwenye chai ya mke wangu. Akaweka kikombe chini taratibu. Nimeishi naye miaka mingi. Akiweka kitu taratibu, najua kuna neno linakuja.

"Baba, Jumatano jumuiya wanasali hapa. Nikiona kijinzi kimoja kwenye kitabu cha nyimbo, mnyama huyu anakwenda Nyololo kwa kaka yangu."

Shemeji wangu ni mtu mwema, mcha Mungu, ila hajawahi kufuga kitu asichokila. Na alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alisema tusijisumbue kumtuma mtu, atakuja kumchukua mwenyewe.

Nikaanza kupigana. Nilifukiza majani ya mlingoti, yaani mkaratusi: simbilisi akapiga chafya, mimi nikapiga chafya, vijinzi vikaenda jikoni kusubiri moshi uishe. Nikafunika kizimba kwa chandarua. Vilivyokuwa nje havikuingia, ni kweli, lakini vilivyokuwa ndani navyo havikutoka.

Basi nikakumbuka vilabu vya ulanzi. Nimepita mbele yake maisha yangu yote nikienda kuhubiri, na kila nilipochungulia niliona vijinzi vikielea vikombeni. Ulanzi, kinywaji chetu cha mianzi, asubuhi ni mtamu kama soda na jioni unamlaza mtu mzima mtaroni. Kama kuna kitu kinavuta vijinzi kuliko peasi, ni huo. Shida ni kwamba ilikuwa Kwaresima, na mahubiri niliyotoa dhidi ya ulanzi watu waliyakumbuka vizuri, hasa wauzaji.

Jumatano asubuhi nikaenda na chupa ya maji iliyo tupu.

"Kamwene, baba," alisema mama muuzaji, akisimama kwa heshima.

"Kamwene. Naomba kidogo tu. Ni wa vijinzi."

"Ndiyo, baba." Akajaza chupa mpaka juu. "Hapa kila mzee anakuja na vijinzi vyake."

Nikamimina bakulini, nikaweka chini ya kizimba. Kabla ya chakula cha mchana vilikuwa vinazama kwa makundi, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba vijinzi vyangu tu ndivyo vyenye pua. Kufikia alasiri vilikuwa vimekuja vya mtaa mzima, na nyuki, na mzee mmoja asiyetufahamu aliyeuliza kama tumefungua.

Wakati namsindikiza mzee huyo getini, jumuiya ikaingia. Mama kiongozi alisimama kwenye ngazi, akavuta hewa.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," tukaitika.

"Mama, hapa pana ulanzi."

Mke wangu akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Ni wa vijinzi," nikasema.

"Kumbe vijinzi havifungi Kwaresima?" sauti ikatoka nyuma, na baraza zima likaangua kicheko, isipokuwa wenye nyumba.

Nikawaeleza yote, mpaka habari ya Nyololo. Mama kiongozi akataka kumwona mshitakiwa. Akamtoa, akampa jirani amshike, kisha akainua majani ya kulalia. Chini yake palikuwa na vikonyo vya peasi, nilivyovitegemea. Palikuwa pia na maganda ya ndizi mbivu, parachichi lililoanza kuwa jeusi na nusu andazi.

"Baba, unampa hadi maandazi?"

"Mimi nampa peasi tu."

Mke wangu alikuwa ameinama, ananyoosha mkeka ambao haukuwa na mkunjo.

"Ananililia," alisema hatimaye. "Baba ukitoka tu, analia. Ningefanyaje?"

"Basi tuachieni, tumpunguzie mama mzigo," alisema yule aliyemshika, akimpimapima kwa mkono. "Karanga ninazo nyumbani."

Sijamwona mke wangu akivuka baraza kwa kasi ile tangu tuwe wazee. Alimchukua simbilisi, akamfunga ndani ya kitenge chake kama mtoto, akaketi naye. "Tuanze wimbo," alisema.

Tukaimba. Vijinzi vilitua kwenye vitabu, kwenye miwani, kwenye pua ya mama kiongozi, na hakuna aliyetaja kitu. Baadaye tulizika majani yale yote, tukaosha kizimba kwa maji ya moto, na ulanzi nikaumwaga mbali. Tukapatana, mimi na mama: nyasi tu, na kila siku kusafisha.

Kabla ya hayo, wageni wakiwa bado wanavaa viatu, simu ya mke wangu iliita. Shemeji alikuwa stendi ya Nyololo, anasubiri basi.

"Usije, kaka," alisema mke wangu. Akasikiliza. "Hapana, hajafa." Akasikiliza tena, akiweka mkono juu ya kitenge. "Hapana, kaka. Hata paja moja."