Betri Ilibaki Kwangu

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali pasipofaa. Kanisani kwetu Carrollton, hapa Texas, kuna mama mmoja ambaye kila Jumapili huwaombea wale wenye mioyo migumu, na akifika hapo hunitupia jicho. Mimi humwitikia amina kwa sauti. Nawakumbuka walionikosea tangu darasa la pili. Ila mbele yao wote nimemweka binamu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, anayekaa mji jirani wa Plano kwenye nyumba yenye gereji ya magari mawili.

Chanzo ni pikipiki. Niliinunua mwaka wangu wa tatu Marekani, nikiishi Sharpstown kule Houston. Nyeusi, ya Kijapani, haikuwa mpya. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na bado ndiyo kazi yangu: kuwageuza, kuwaogesha, kukimbilia kengele zao kutwa nzima. Zamu ikiisha navaa kofia ngumu, na kwa nusu saa hakuna binadamu anayeniita. Raha yake ilikuwa hiyo tu. Sifa sikuzitafuta, na hata ningezitaka nisingezipata, kwa sababu pikipiki ile ilikuwa siri.

Kaka yangu mkubwa alifia kwenye bodaboda, akiwa abiria, asubuhi moja akienda kazini. Siku niliyosafiri, pale uwanja wa ndege, mama alinishika shati kifuani akaniambia, "Apa. Hutapanda pikipiki mimi nikiwa hai." Nikaapa. Kando yangu alisimama binamu, amenibebea begi, na hakuna neno lililompita. Mwaka uliofuata naye akaja huku Texas, akapata kazi ya kompyuta, kisha nyumba, kisha gereji. Mimi nilipata pikipiki, na yeye peke yake katika ukoo mzima ndiye aliyejua.

Houston hakuna msimu wa kuficha pikipiki. Unaendesha Desemba kama Juni, ukilowa mvua unakauka. Nilipohamia Carrollton, kaskazini zaidi, kufuata kazi nzuri zaidi ndipo nilipofundishwa adabu. Huku siku za baridi kali si nyingi, lakini zinatosha: mvua inaganda, lami inakuwa kioo, na mwenye akili zake haweki magurudumu mawili barabarani. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, sina gereji. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliiacha nje chini ya turubai. Kufika Machi mnyororo ulikuwa umeota kutu na petroli imeoza ndani ya kabureta hadi inanuka kama rangi ya zamani.

Novemba iliyofuata binamu akajitolea. "Cuzo, unateseka bure. Garage yangu nusu iko empty. Leta, uta-park hapo mpaka March."

Nilifurahi, nakiri. Nilimpelekea mguu mzima wa mbuzi.

Kuilaza pikipiki kwa msimu wa baridi si kuiegesha tu. Nilijaza tangi hadi pomoni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, nikatia dawa ya kuzuia petroli isioze, nikaacha injini ingurume dakika chache ili dawa ifike hadi ndani. Nilibadilisha oili. Nilipaka mnyororo grisi. Nilisukuma mbao chini ya magurudumu yasikalie saruji baridi, na nikaziba ekzosi kwa kitambaa, maana panya wa Texas hawahitaji kualikwa mara mbili. Juu ya kiti nilitandika leso, kanga ya kujifunga. Alinipa mama siku ile ya safari, leso kuukuu ya rangi ya machungwa, iliyoungua kwa pasi pembeni, na mahali pa kuungua mama alikuwa ameshona kiraka cha buluu, kipande cha sare yangu ya shule ya msingi. Nikafunika yote kwa turubai.

Mwisho nilifungua betri, kwa kuwa betri haipendi baridi. Nilirudi nayo kwangu nikaiweka jikoni, karibu na mfuko wa unga, kwenye chaja ndogo yenye taa ya kijani.

Katikati ya Desemba mama akapiga simu. Huniita baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Baba, mwenzako amenunua pikipiki."

"Mwenzangu nani?"

"Wa mama yako mdogo. Kubwa, nyeusi. Ameweka picha. Umeiona?"

"Sijaiona, mama."

"Basi muulize akuonyeshe."

Picha nilitumiwa na dada yangu. Binamu alikuwa amechumbia mwalimu mmoja wa kule kwetu, na kulikuwa na kundi la simu la maandalizi ya posa, ambamo mimi sikuingizwa. Sasa nilielewa kwa nini. Katika picha ametupa turubai pembeni, amepanda kama mfalme, amevaa jaketi la ngozi ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Hata kuondoa leso hakujisumbua, ameikalia, na pindo lake linaning'inia ubavuni. Chini ameandika: "Mungu ametenda."

Mungu ametenda! Aliyetenda ni mimi, kwa mgongo wangu, kwa zamu za sikukuu ambazo wenzangu walizikimbia. Na lililoniuma si uongo wenyewe. Watu hupigwa picha kando ya magari ya jirani kila siku, na huko nyumbani wanajua kupunguza chumvi. Kilichoniuma ni kwamba alipiga hesabu yake vizuri. Alijua siwezi kusema "hiyo ni yangu" bila kumwambia mama kwamba nimevunja kiapo nilichomwapia. Alinichagua mimi kwa sababu nimefungwa mdomo, na kamba aliishika yeye.

Na mama hakuniacha nipumue. Kila simu ilikuwa na pikipiki ndani yake. Mwenzako ameweka picha nyingine. Mwenzako ameipangusa inang'aa. Mwenzako ameendelea. Nilikuwa nasikia: na wewe, miaka yote hiyo, una nini? Nilimeza. Kazini niliosha wazee huku nikipanga kisasi. Niliwaza kumwaga sukari kwenye tangi, nikakumbuka tangi ni langu. Niliwaza kumshtaki kwa mchungaji, lakini mchungaji angetuombea wote wawili, na mimi sikutaka kuombewa pamoja naye. Asubuhi moja, nikikoroga uji, jicho langu likatua kwenye ile taa ya kijani kando ya unga. Pikipiki ile haina kiki ya mguu. Huwaka kwa kitufe, na bila betri ni sanamu tu. Yule bwana alikuwa mfalme wa sanamu, na roho ya sanamu ilikuwa jikoni kwangu. Nikaamua kungoja.

Februari akapiga mwenyewe, sauti imepakwa asali. "Cuzo, ile battery iko wapi? Nataka kuipasha engine moto kidogo, si poa ikae hivyo."

Dada alikuwa ameshaniambia. Siku ya posa ilikuwa Jumamosi hiyo. Binamu hangesafiri, angeonekana kwa video, na baba wa msichana, dereva mstaafu wa basi, alikuwa amesema picha hazimtoshi, anataka kuisikia injini.

"Nitakuletea mwenyewe, pamoja na ufunguo," nikamwambia. "Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Uni-fix-ie haraka halafu uende, niko na call."

Nilijua mama atakuwepo. Yeye ndiye mkubwa wa mama yake binamu, angekaa mstari wa mbele. Usidhani sikulifikiria. Nikifungua mdomo, mama atajua kwamba mtoto wa kiume aliyebakiziwa na Mungu anapanda kile kilichomuua kaka yake. Nililipima wiki nzima, na kila nilipolipima, kinyongo kilikuwa kizito zaidi. Nikajiambia heri anikasirikie kwa kiapo kuliko aendelee kunilinganisha na mwizi. Hata hivyo niliamua kwamba binamu akiniomba radhi pale mlangoni, neno moja tu, nitafunga betri na kuondoka kimya.

Jumamosi nikapata lifti hadi Plano, betri begani ndani ya mkoba, kofia mkononi. Jua lilikuwa linachomoza na barabara ilikuwa kavu. Binamu alifungua gereji amevaa lile jaketi. Simu ameisimamisha juu ya ngazi ya kupakia rangi, na ndani ya simu niliona hema, viti, vilemba, watu wa nyumbani wakiwa katika jioni yao. Hakunisalimu. Alininong'oneza tu, "Haraka," akinionyesha pikipiki kwa kidole.

Nilipiga magoti nikaanza kufunga betri, chanya, kisha hasi, taratibu. Nikatoa kitambaa kwenye ekzosi. Sauti ya mzee ikatoka kwenye simu: "Na huyo ni nani huko chini?"

Binamu akacheka. "Huyo? Ni fundi wangu tu."

Sitadanganya kwamba hasira ilinipofusha. Niliona sawasawa. Nilikaza skrubu ya mwisho, nikajipangusa mikono, nikasogea mbele ya simu hadi uso wangu ukaijaza. Nikawasalimu wazee, nikawataja mama zangu wawili kwa heshima zao. Kisha nikasema, "Samahani kwa kuwakatiza. Nimekuja kuchukua pikipiki yangu. Nilimwachia ndugu yangu anitunzie wakati wa baridi, na ameitunza vizuri sana. Ninamshukuru."

Nilitoa ufunguo mfukoni mwangu, nikauchomeka, nikabonyeza kitufe. Iliwaka mara ya kwanza. Mzee wa basi alikuwa ametaka kusikia injini, nikampa injini. Binamu alikuwa amefungua mdomo kama mtu anayepimwa meno. Nilikunja leso nikaiweka kifuani ndani ya jaketi, nikatoka.

Upepo ulikuwa mkali, vidole vilikufa ganzi kabla sijaiacha Plano, nami nilicheka ndani ya kofia hadi kioo kikajaa mvuke. Nimeshawahi kufurahi maishani, lakini furaha ya kumwona mtu aliyekuonea akikosa pa kuweka mikono yake ina utamu wa peke yake. Anayesema kisasi hakina ladha hajawahi kukipika vizuri.

Ladha ilidumu hadi kesho yake. Kwanza dada akanipa habari: baba wa msichana alicheka hadi akashikiliwa, akamtoza binamu faini ya mbuzi mmoja kwa uongo wake, na posa ikaendelea. Msichana mwenyewe alisema heri amejua mapema kwamba mumewe ni mtu wa kutia chumvi. Walioana mwaka huohuo. Kwa hiyo yule niliyemlenga alipoteza mbuzi.

Halafu mama akapiga. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana.

"Ile leso niliijua," akasema. "Picha ya kwanza tu. Kile kiraka nilikishona mimi."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Pale ilipokuwa betri palibaki alama ya mraba kwenye vumbi la unga.

"Ulijua ni yangu? Na ukawa unaisifu kila siku?"

"Nilikuwa nakungoja. Kila nikisema ni ya mwenzako, nilikuwa nasikiliza kama utakataa. Hukukataa. Basi nikajiambia ni ya mwenzako kweli, labda umemwazima leso. Baba, miezi miwili nimelala vizuri."

"Mama, nisamehe."

"Sikukatalii kusamehe. Nakuuliza, sasa nitalala vipi?"

Nilimwambia nitaiuza Jumatatu. Akakataa upesi, kama aliyekwisha kulifikiria hilo. "Usiuze. Ukiuza utanunua nyingine unifiche. Hii angalau naijua."

Nikisema ninajuta yote nitakuwa mwongo. Kwa binamu sijuti, na lile neno fundi bado linaniwasha. Akinialika kwake nitakwenda, nitakula, na nitaegesha mbele kabisa mahali atakapoiona. Ila sasa msimu wa baridi ukija naipeleka kwa mtu mwingine wa kanisani, na ninaona haya kuipenda miezi hiyo ya gerejini, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mama ananiuliza, "Umeilaza?" nami namjibu, "Nimeilaza," na ninasikia pumzi yake ikishuka.

Miezi mingine tuna mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka. Zamu yangu huisha saa kumi jioni. Nikifika chini ya ghorofa yangu nazima injini, na kabla sijavua kofia namwandikia neno moja: Nimefika. Kwetu nyumbani wakati huo usiku wa manane umeshapita. Hajawahi kunijibu. Lakini alama ya kwamba ujumbe umesomwa hutokea palepale, kabla sijavua kofia.