Chungu cha Jumatatu

IBADAN, Nigeria. Jua halijafika kwenye mabati yenye kutu ya mtaa wa Foko, lakini Iya Kamoru, yaani Mama Kamoru, ameshakaa kwenye kigoda chake. Chupa ziko mbele yake, vikombe vimesuuzwa, na benchi lina wanaume wanne wanaongoja dawa ya tumbo kabla ya kwenda kazini. Macho yake hayapo kwao. Anaangalia barabara, akimtafuta mtu mmoja ambaye hajafika.

“Lamidi bado?” anauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mvua.

“Bado, Iya,” anajibu Taju, dereva wa pikipiki, huku mkono ameshaunyoosha. “Na akija mwambie nina ugomvi naye. Tairi langu amekaa nalo tangu Jumatatu.”

Kusikia Jumatatu, mama huyu anainamisha kichwa. Anajimiminia kwanza yeye, anakunywa Taju akimwona, anafuta midomo kwa ncha ya kitenge, kisha anammiminia Taju. Ndivyo walivyo hapa wauzaji wa zamani wa agbo, dawa ya mitishamba ya kuchemsha: muuzaji huonja kwanza, mteja akashuhudia, ndipo auziwe.

Taju anakunywa, anakunja uso, anatikisa kichwa. “Hii si ile. Ile ya Jumatatu ilinifagia, Iya. Nilitoa mpaka maharage niliyokula darasa la tatu. Mke wangu alidhani nimehamia chooni, akaniletea mto.”

Benchi zima linacheka. Iya Kamoru anageuka kupanga chupa ambazo tayari zimepangwa.

Jina lake ni Silifatu Arowolo, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameuza agbo ya jedi mahali hapa, kati ya gereji na kibanda cha kinyozi. Jedi ni ugonjwa wa tumbo ambao watu wa mji huu husema huletwa na sukari, nao husingiziwa makubwa zaidi ya tumbo.

“Mtu anakula maandazi, anashushia soda, kesho hivyo hivyo,” anaeleza. “Tumbo linajaa, mgongo unauma, na nyumbani mke anaanza kununa. Hapo ndipo mwanamume ananikumbuka mimi.”

Kikombe ni naira mia mbili. Siku njema humwachia kama naira elfu sita baada ya gharama, na ni kwa vikombe hivyo alimsomesha mwanawe Kamoru, sasa fundi umeme katika mji wa Abeokuta. Dawa yenyewe ni magome na mizizi, vitunguu saumu na tangawizi, vyote vikichemshwa kwa maji ya ogi, yale maji makali yanayoelea juu ya mahindi yaliyochachuka. Wateja wake huapa kwamba bila kikombe cha asubuhi tumbo haliwaki.

Wiki hii shida ni yake. “Silali,” anasema, akihakikisha kwanza kwamba waliokaa kwenye benchi wameondoka. “Nikifumba macho namwona Lamidi amelala kifudifudi. Nadhani nimemuua mtoto wa watu.”

Hadithi yenyewe inaanzia kwa marehemu mama yake, aliyemrithisha kazi hii pamoja na miiko yake. Mwiko mkubwa ni wa kimya. Anayekwenda kuchukua magome hutoka nyumbani bila kusema neno, hasalimii wala haitikii salamu, mpaka magome yawe ndani ya chungu na moto uwe chini yake. Ukisema, dawa inakufa. Soko la dawa lina wanawake wengi wa namna hiyo alfajiri, wanapita wamefunga midomo, na wauza pilipili huangalia kando wasije wakawasalimia kwa bahati mbaya.

Kwa miaka yote hiyo kimya hakikumletea shida. Aliyemuuzia alikuwa mama mmoja aliyejua gome lipi ni la Iya Kamoru. Pesa zikiwekwa juu ya meza, furushi linatolewa, basi. Mama huyo alifariki mwanzoni mwa mwaka, na meza sasa ni ya binti yake, Abeni.

Jumapili iliyopita Iya Kamoru alipewa furushi kama kawaida. Alipofika nyumbani na kuanza kulikata, akaona ndani ya gome si kwekundu kama alivyozoea. Kulikuwa na umanjano.

“Nilisimama na kisu mkononi,” anakumbuka. “Nikataka kurudi nikaulize. Lakini ningeulizaje, na chungu bado hakijawekwa motoni? Nikajiambia ni mvua tu, mvua imelibadilisha. Nikalitia.”

Bado ilikuwapo kinga ya pili, ile ya kuonja. Kawaida chungu kipya hukipika Ijumaa na kukionja Jumamosi. Safari hii mvua ilimchelewesha, na Jumatatu ilimkuta amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Aliwaambia wateja ataonja magharibi akifungua. Wakacheka, wakasema wanamwamini kuliko mama zao. Kabla ya alasiri chungu kilikuwa kikavu, na Lamidi Ogunsola, fundi matairi asiyekunywa chini ya vikombe viwili, alikuwa amekunywa vitatu.

Jumanne kijiwe cha Lamidi kilifungwa. Jumatano kilifungwa. Leo ni Alhamisi, na anachouza ni cha magome ya zamani.

Mtu atauliza kwa nini haendi kumjulia hali, na nyumba ni hapo nyuma ya msikiti. Lakini hapa, ukimtembelea mgonjwa ambaye hakuna aliyekuambia anaumwa, umejishitaki mwenyewe. Iya Kamoru anamkumbuka mwenzake wa mtaa wa pili ambaye mteja wake alianguka akafa. Vijana walikuja na petroli jioni ile ile. Baadaye ikajulikana marehemu alikuwa na moyo mbovu tangu utoto, ila kibanda kilikuwa majivu, na yule mama hajaonekana tena mjini.

“Naogopa kwenda,” anasema, “na naogopa kukaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ninaficha ya mwenzangu.”

Jua linapokuwa utosini anafunika chupa kwa kitambaa, anavaa kilemba chake kizuri, anakivua, anavaa cha kila siku. Kisha anaondoka, akipita pembezoni mwa ukuta.

Uani kwa Lamidi mkewe, Risikatu, anasonga amala, ugali wa unga wa viazi vikuu. Mlangoni, juu ya mkeka, yupo Lamidi mwenyewe. Yu hai. Lakini mashavu yameingia ndani na shati linamning'inia, na kikombe cha maji anakishika kwa mikono miwili.

“Iya yangu,” anasema Lamidi, meno yote nje. “Nilijua utakuja. Ile dawa ile! Hata yule muuguzi wa zahanati alishangaa. Siku mbili wamenitundikia maji, na vyote vilivyokuwa tumboni vimetoka. Sasa hivi najisikia mwepesi.”

“Mwepesi?” anadakia mkewe bila kugeuka. “Umebaki ngozi, unasema mwepesi. Ulinizimikia mikononi, nikaita majina ya babu zako wote hawakuja.”

“Mwanamke haelewi mambo ya jedi,” Lamidi anamnong'oneza mgeni wake. “Niwekee chupa nzima ya ile, Iya. Nikipata nguvu naimalizia.”

Risikatu anaweka mwiko chini na kufuta mikono. Ana maneno yake, na ameyatunza tangu Jumanne.

“Iya, muuguzi aliniuliza mume wangu kanywa nini. Nikasema dawa ya tumbo. Akauliza, ya mti gani, tujue tumpe nini. Sikuwa na la kumjibu. Mume wangu alikuwa anakata roho mbele yangu. Haya, nieleze wewe. Ni mti gani?”

Iya Kamoru anapiga magoti kwenye vumbi la uani.

Mwenye kujua adabu za watu hawa ataelewa kwa nini Risikatu anarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Kijana ndiye humpigia mkubwa magoti. Mama mtu mzima kumpigia magoti mwanamke wa umri wa bintiye ni jambo la kutisha, na hakuna mkubwa anayelifanya bure.

“Inuka, Iya. Inuka, unanitisha. Majirani wataona.”

“Sijui,” anasema Iya Kamoru. “Sijui ni mti gani. Sikuuliza.”

Lamidi ameacha kutabasamu. Anamwangalia mama huyu, kisha anayatazama maji kwenye kikombe chake, na kwa mara ya kwanza anaonekana kama mtu aliyekoswakoswa na gari.

“Basi nenda kaulize,” anasema Risikatu.

“Sina ruhusa ya kusema nikiwa naenda kuchukua. Mama yangu alinikataza.”

“Mama yako yuko wapi?”

“Alishafariki.”

“Mungu amrehemu. Na huyu aliye hai je?”

Amala inaanza kushika sufuriani, Risikatu anairudia huku akifuta machozi kwa kiwiko. Anamwinua mgeni kwa mkono mwingine, na hamfukuzi. Maneno ya kibanda kuchomwa hayatoki kinywani mwake. Anamwambia tu asikawie.

Huruma hiyo haikumpunguzia hofu, ilimwongezea. Aliporudi kibandani aliwakuta wanaume ambao hajawahi kuwaona. Sifa alizozieneza Taju zilikuwa zimevuka gereji na kufika stendi.

“Iya, tunataka ya Jumatatu,” alisema mmoja, fundi rangi mwenye tumbo la mbele. “Ile ya kufagia.”

“Imekwisha.”

“Pika nyingine. Tutalipa mara mbili.”

“Nimesema imekwisha, mwanangu. Ile ilikuwa mbaya. Imemlaza mtu.”

Wakaangaliana, wakacheka. “Amelala akaamka? Hiyo ndiyo dawa, Iya. Isiyolaza ni chai.” Wakaondoka kuvuka barabara, ambako muuzaji mwingine, mwenye masikio marefu, alishaanza kutangaza kwamba na yeye anayo ya Jumatatu. Kitu ambacho Iya Kamoru hakijui jina, kilichotoka mikononi mwake, kilikuwa kimepata wateja, na yeye hana uwezo wa kukiita kirudi.

Jumamosi, kabla wauza pilipili hawajamaliza kutandaza majamvi, yuko sokoni. Amekuja kimya kama siku zote, mazoea hayafi kwa siku moja. Kwenye pindo la kitenge amefunga kipande cha gome la Jumapili kilichobaki. Anafika kwenye meza ya Abeni, na binti anapoona pesa hazijawekwa mezani anainua uso.

Mama anafungua fundo. Anaweka gome mezani, kisha anasema wazi.

“Abeni. Hili ni gome la mti gani?”

Mwanamke anayepita na karai la pilipili anasimama palepale. Abeni ameshika kifua.

“Iya, umesema,” ananong'ona.

“Nimesema. Ni mti gani?”

Abeni analichukua, analigeuza, analinusa. Uso wake unabadilika taratibu, na Iya Kamoru anajua jibu kabla halijaja.

“Sijui, Iya. Baba Olosan wa msituni ndiye huniletea. Na yeye akibeba magome hasemi, wewe unajua. Aliweka furushi, nikaweka pesa.” Anameza mate. “Marehemu mama alikuwa anasema Iya Kamoru hakosei. Nikajiambia, likiwa baya ataliona yeye, hatalichukua. Ulipolichukua, nikalala usingizi wangu.”

“Na mimi nikajiambia, lingekuwa baya usingenipa.”

Abeni analivuta furushi lililobaki chini ya meza na kulisukumia nyuma, mbali na mengine. Hana uhakika ameuza mangapi, na kwa nani. Anakumbuka majina mawili tu, wanawake wa kimya kama huyu aliye mbele yake, na hajui wanakoishi.

Baba Olosan hushuka kutoka msituni Jumanne. Mpango wa Iya Kamoru ni kumngoja hapa hapa, tangu alfajiri, na kumuuliza kabla hajatua mzigo.

“Atakasirika,” Abeni anaonya. “Atasema umemuulia dawa yote. Anaweza asirudi tena.”

“Naogopa hilo,” anakiri mama. “Naogopa pia kwamba mama yangu alisema kweli, na kuanzia leo nikipika nitapika maji matupu. Sijui. Lakini nitauliza, na jina la huo mti nitalipeleka kwa Risikatu kwa mguu wangu. Mpaka siku hiyo chungu changu kimefunikwa, na wale wanawake wawili nitawatafuta.”

Anaanza palepale. Anapita kati ya majamvi akiwatazama usoni wanawake waliofunga midomo, na kila anayemwona na furushi la magome anamzuia njia, anamsalimia kwa sauti na kumuuliza kama amenunua kwa Abeni. Wa kwanza anamkwepa. Wa pili anaziba masikio. Wa tatu, mzee kuliko yeye, anamtazama kwa hasira mpaka machozi yanamlenga, na anaendelea na safari yake akiwa amekumbatia furushi kifuani, bila kuitikia.