Hadithi Niliyoandika Bila Kumuuliza

Siku hizi naandika vitabu vya watoto na vijana, vingi vikihusu familia zinazogombana na marafiki wanaokosana. Nikialikwa shuleni, kama juzi kule Marungu, kuna mwanafunzi ataniuliza nilijifunzia wapi. Nilijifunza kwa kumuudhi rafiki yangu. Naye ameniruhusu nisimulie.

Tulikuwa kidato cha pili hapa Voi, na tulikuwa tumekaa dawati moja tangu shule ya msingi. Kwao ni Waislamu wenye asili ya pwani. Mamake alikuwa fundi wa kushona nguo, babake dereva wa lori kati ya Voi na Taveta. Sisi tulikuwa wa kuja; baba yangu alitoka magharibi akifuata kazi ya reli.

Mwaka uliotangulia babake alioa mke wa pili Taveta, akawa anakaa huko wiki nzima nzima. Rafiki yangu aliniambia mimi peke yangu. Aliniambia pia kwamba kila Ijumaa mamake akipakua pilau, ndugu yake mdogo huweka sahani ya baba mkekani, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia aiondoe. (Ndugu huyo sasa ana ndevu, na idhini ya kuitaja sahani nimeiomba kwake.)

Mwalimu wa Kiswahili alipotuagiza tuandike hadithi kuhusu shida za nyumbani, sahani ile ndiyo iliyonijia. Nilibadilisha majina, nikahamisha mambo yote Malindi, nikamfanya baba dereva wa basi. Msichana wa hadithi yangu alilia karibu kila ukurasa. Nilijiona mwandishi kwelikweli.

Mwalimu aliipenda, akaisoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye sahani, rafiki yangu aliinua kichwa akanitazama. Hakuna mwingine aliyejua. Kengele ilipolia alikusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Nilimweleza mama jioni hiyo, akichambua mchicha.

"Ulimuuliza kwanza?"

"Ni hadithi tu, mama. Nilibadilisha majina."

"Na yeye amejijua?"

"Amejijua."

"Basi nenda kwao. Mimi siwezi kukuendea."

Nilijivutavuta mpaka Jumamosi. Nilimkuta mamake kibarazani kwenye cherehani.

"Karibu, mwanangu. Nasikia umetuandika."

"Nisamehe, mama."

"Soma kwanza, nijue nasamehe nini."

Nikasoma. Nilipofika pale mke anapomrarulia mumewe mashati, aliacha kushona, akacheka.

"Mimi nirarue shati? Mashati yale nimeyashona kwa mikono yangu! Niliyapiga pasi, nikayakunja, nikampa achukue." Kisha akakata uzi kwa meno. "Endelea."

Pazia la mlangoni likasogea. Rafiki yangu alikuwa amesimama pale, na sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani.

"Umeniandika nalia," alisema.

"Nilidhani..."

"Hukuniuliza. Sikulia hata siku moja. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba mpaka chakula hakipiti, na wewe ukanifanya kitoto cha kuhurumiwa."

"Nitaichana."

"Usiichane. Lete kalamu."

Tulikaa sakafuni hadi alasiri. Sahani aliifuta mwenyewe, akasema hiyo ni ya ndugu yake. Machozi yote yakatoka, hasira ikaingia, na Kiswahili changu akakinyoosha bila huruma. Hadithi ikawa fupi, na ikawa nzuri kuliko nilivyoweza kuiandika peke yangu.

Jumatatu hakurudi dawatini. Jumanne vilevile. Alhamisi nilimkuta amekaa mahali pake, akanisukumia mahamri mawili.

Likizo ilipofika, babake alimwomba aende Taveta akamwone mdogo wake aliyezaliwa na mke wa pili. Alikubali kwa sharti kwamba nami niende. Tulibanana sote watatu mbele ya lori, na tulikuwa tumeshapita Mraru babake alipofungua kinywa.

"Najua umenikasirikia."

"Nimekukasirikia, baba. Na bado."

Alibadilisha gia. "Ni haki yako, mwanangu. Ila umekuja. Ahsante."

Taveta tulipokewa na mwanamke kijana, mwenye haya kutuzidi, ambaye hakujua atuketishe wapi. Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Rafiki yangu alisimama mlangoni kwa muda, mikono nyuma, akimtazama. Kisha akasema taratibu, "Ana paji la uso kama langu," akaomba kumbeba.

Saa ya kuondoka ilipofika, babake alituita mara mbili. Mara ya tatu alikuja mpaka mlangoni.

"Ngoja kidogo, baba," rafiki yangu alimwambia kwa kunong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."