Wimbo Uliokatwa Katikati

Atuhaire hakuwahi kuuogopa muziki mpaka alipokwenda kufanya kazi kwa Mzee Bakhit, kule Azaiba. Kwao Mbarara aliimba kwaya, na hata Nairobi, alikofanya kazi za ndani kabla ya kuja Maskati, redio ndiyo iliyokuwa mwenzake jikoni. Lakini CD ya mzee ilikuwa kitu kingine. Ilianza kwa upepo, zikafuata kengele, kisha kinanda kikanguruma kama kabati zito linaloburutwa sakafuni. Siku ya kwanza alipoisikia, sufuria ya wali ilimponyoka mkononi.

"Hiyo roki ya Waingereza," Taghreed, binti wa mzee, alimwambia huku akicheka. "Baba aliipenda bendi hiyo zamani, alipokuwa anasoma Ulaya. Mwache nayo, ndiyo inayomtuliza."

Mzee Bakhit alizaliwa Unguja, akasomea uhandisi Uingereza, akajenga barabara za Omani mpaka akastaafu. Sasa akili ilikuwa inamkimbia. Siku nyingine alimwita Atuhaire "Masouda", jina la marehemu mkewe. Siku nyingine alimuuliza nani kamruhusu kuingia ndani.

CD yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, mkusanyiko wa nyimbo za zamani uliookotwa kwenye kikapu cha supamaketi: kasha jembamba, picha ya mawingu, hata majina ya wapigaji hayakuandikwa. Na waliouunda, ili nyimbo nyingi zienee, walikuwa wameukata wimbo mrefu kuliko yote. Ngoma zikipanda, kinanda kikipanda, mtu akidhani sasa ndiyo kilele, sauti inafifia, inafifia, kimya. Kisha unaanza wimbo mwingine kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo hofu ya Atuhaire ilipokuwa ikikaa. Kila wimbo huo ulipofifia, mzee alishika mikono ya kiti kwa nguvu. "Haujesha! Wameukata! Kipande chengine kiko wapi?" Akamkodolea macho kana kwamba yeye ndiye aliyekificha. Safari moja alirusha kikombe ukutani. Basi Atuhaire akajifunza kusimama karibu na mashine, na ngoma zikianza kupanda, anaurukisha wimbo kabla haujafika pabaya.

Asubuhi ile alikuwa uani akianika nguo. Joto la Juni lilikuwa limeshakausha ncha za mashuka kabla hajamaliza kuyatandaza. Alisikia muziki ukififia, akasikia mzee akifoka, kisha hakusikia kitu. Kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Alikimbilia sebuleni akakuta kiti kitupu na mashine imeachwa wazi, CD haimo. Nje, geti lilikuwa limefunguliwa, na gari ambalo mzee alikatazwa kuliendesha halikuwepo. Ufunguo wa akiba aliutoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Alimpigia Taghreed, aliyekuwa kazini benki huko Ruwi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

Atoke au asitoke? Mfanyakazi akionekana barabarani bila ruhusa ataambiwa amekimbia, na anayekimbia hurudishwa kwao kwa aibu. Lakini mzee akipata ajali, nani ataamini kwamba alikuwa anaanika nguo? Mawazo hayo yote yalikuwa ya kujihurumia mwenyewe, na alijua hivyo. Kisha akamwona mzee akilini, mikono yake ile inayotetemeka imeshika usukani, na hofu nyingine ikaja juu ya ile ya kwanza. Alifunga geti, akasimamisha teksi.

"Ruwi, baba. Yalla, yalla!"

Ruwi aliitaja kwa sababu mzee aliwahi kumwambia kwamba zamani kulikuwa na duka la kanda za muziki huko, la mtu anayeitwa Musallam, "hapana kitu asichokuwa nacho"; huenda amekwenda kukitafuta kipande kile. Njia nzima Atuhaire alisali kwa Kinyankole, macho hayabanduki kwenye ukingo wa barabara, akitafuta vioo vilivyovunjika.

Walipofika Wattaya, kabla ya Ruwi, aliliona. Gari lilikuwa limeegeshwa upandeupande mbele ya duka kubwa la magari, tairi moja juu ya ukingo, jua linalichoma. Alishuka teksi haijasimama sawasawa. Injini ilikuwa imezimika, vioo vimefungwa, na ndani muziki unadunda. Mzee Bakhit alikaa wima, kanzu imemganda mwilini kwa jasho, midomo imekauka, anangojea.

"Baba! Fungua! Ni mimi, Atuhaire!"

Alimtazama kama mtu anayemtazama mwizi. "Nenda zako! Nani wewe? Nnangojea wimbo!"

Akasukuma kitufe cha kufuli kwa kidole, kuhakikisha. Atuhaire alipiga kioo kwa viganja mpaka vikauma. Kila alipopiga, mzee alizidi kujikunyata upande wa pili, na Atuhaire akatambua kwamba wanaogopana. Dereva wa teksi alikuwa anatafuta jiwe. Ndani, ngoma zikaanza kupanda. Zikafifia. Kimya.

Katika kimya kile kifupi Atuhaire alibandika mdomo kwenye kioo, akasema taratibu, "Baba, haujaisha. Kipande kilichobaki ninacho mimi."

Mzee aligeuka. "Unacho wewe?"

"Ninacho. Nifungulie nikupe."

Kufuli likalia. Mlango ulipofunguka, joto lililotoka lilimchoma uso. Mzee alimwangukia begani, mzito, akiuliza, "Kiko wapi? Kiko wapi?" Naye hakuwa na la kumpa ila maji ya dereva.

Hospitali walimtundikia dripu. Taghreed alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani. Atuhaire alisimama ukutani akingoja kuambiwa afungashe.

"Niliziona simu zako," Taghreed alisema. "Nilizitazama tu. Niliogopa kupokea. Kila simu ya nyumbani nnadhani ndiyo ile ya msiba." Kisha akajifunika uso na kulia, na Atuhaire, ambaye machozi yake yalikuwa yamemgomea siku nzima, akamshika mkono.

Gari liliuzwa. Taghreed aliutafuta wimbo mzima kwenye simu, akamwekea baba yake siku aliyorudi nyumbani. Ngoma zilipopanda, safari hii hazikufifia, ziliendelea mpaka mwisho, mkubwa, wa kengele nyingi. Mzee alisikiliza kwa adabu.

"Siujui huu," alisema. "Nipatieni chai."

Atuhaire alikwenda kuileta. Alimimina nusu kikombe tu, akarudi upesi kuhakikisha kwamba yumo kitini.