Usiitike Mchangani

Kila jirani yetu wa Mji Mkongwe anapofukiza ubani, mimi hurudi kwa mawazo utotoni, kwenye vilima vya mchanga vya hifadhi moja ya pwani ya kusini, nikimfuata bibi yangu.

"Ukisikia unaitwa huku, usiitike mpaka umwone anayekuita," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Nawe kwa masuali! Twende."

Kila mwaka alipeleka chetezo cha ubani ufukweni kumwombea mwanawe wa mwisho, aliyezama na mwili wake usionekane. Mchanga ulituchoma nyayo, mwingine ukatuingia mpaka kwenye meno. Miti ya mivinje ilikuwa ikivuma kwa upepo. Mara bibi akasimama, akageukia bonde tupu nyuma yetu.

"Naam, mwanangu," akaitika.

Nilimvuta kanga. "Bibi, hakuna mtu. Upepo huo."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa masikio.

Kabla ya mwaka kugeuka tulimzika bibi.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na bado nasema ulikuwa upepo. Lakini ubani ukinuka, nikaitwa kutoka ngazini, siitiki. Nachungulia kwanza, nimwone uso anayeniita.