Sweta Tatu Chini ya Shati

Profesa mmoja mama, aliyezeeka akipima joto la bahari za barafu ili ajue hali ya hewa ya dunia inavyobadilika, alikuja kutembea Ngorongoro. Alikuwa akitafuta msaidizi wa kufanya naye kazi melini, kwenye bahari hizo. Mimi, na digrii yangu mpya, niliyepewa kumtembeza, niliwaza: akiona natetemeka, kazi nimeikosa. Nikavaa sweta tatu, moja ya mama yangu, chini ya shati jepesi.

Asubuhi pale ukingoni mwa kreta, yeye alijikunyata ndani ya makoti mawili.

"Husikii baridi?"

"Hata kidogo, Profesa."

Tuliposhuka kreta, jua likawaka. Yeye akavua makoti. Mimi nikaloa jasho, nikaona kizunguzungu.

"Malaria hiyo!" akasema, akinifungua vifungo.

Dereva wetu, mzee wa Mbulumbulu, akachungulia.

"Haumwi, mama. Kijana amevaa duka zima."